Matangazo ya Idi: anayekukaba na anayekubembeleza

Shaaban inayoyoma, na wafanyabiashara wameshauona mwezi wa Ramadhani kabla ya Kadhi Mkuu. Simu yangu imepokea jumbe tatu za ofa za tende, mabango mapya yamepandishwa barabarani, na kule Mwembe Tayari gari lenye vipaza sauti limeanza kuzunguka likitangaza mazulia na mapazia ya bei ya kutupa.

Ukiyatazama matangazo haya kwa makini utaona kuwa tabia zao hazifanani. Lile la gari linakwambia kitu, bei, siku ya mwisho, na uje sasa hivi. Bango la barabarani lina picha ya babu na mjukuu wake, sinia la futari limepangwa likapangika, taa inaning'inia, na maneno machache ya kukutakia mwezi mwema. Halitaji bei. Halikwambii ununue chochote. Chini pembeni kuna nembo ya kampuni, ndogo kama stempu.

Nilipokuwa nikisomea diploma ya uuzaji, mwalimu alituandikia tofauti hii kwa Kiingereza ubao mzima, tukainakili, na mtihani ulipokwisha wengi wetu tukaiacha darasani. Kwa Kiswahili chetu mimi huliita la kwanza tangazo la kukaba, na la pili tangazo la kubembeleza. Anayekukaba anakushika ukosi wa shati na hakuachi mpaka utoe pesa au umsukume. Anayekubembeleza anakuja barazani, anakaa, anakuuliza habari za wazee, anaondoka bila kukuomba hata shilingi. Ila siku ukihitaji kitu, jina linalokujia kichwani ni lake.

Watu wengi humwogopa wa kwanza. Mimi namwogopa wa pili zaidi, na nitaeleza kwa nini.

Mvutano wa watu hawa wawili ni wa zamani. Mwaka 1904, John E. Kennedy alimweleza Albert Lasker wa kampuni ya matangazo ya Lord & Thomas, Chicago, kuwa tangazo ni muuzaji aliyetiwa kwenye karatasi: kazi yake ni kutoa sababu ya kununua, basi. Baadaye Claude Hopkins, wa kampuni hiyo hiyo, aliandika kitabu kizima mwaka 1923 kueleza namna ya kulipima kila tangazo kwa mauzo yake. Upande wa pili alikuwako Theodore MacManus. Januari 1915 alitoa tangazo la magari ya Cadillac katika jarida la Saturday Evening Post. Lilikuwa maandishi matupu. Halikuonyesha gari, halikutaja injini wala bei, lilizungumzia tu jinsi anayetangulia anavyohusudiwa. Lilichapishwa mara moja, na zaidi ya miaka mia baadaye bado wanafunzi wanasomeshwa habari zake.

Lakini sisi Pwani tusijifanye wageni wa jambo hili. Nenda Biashara Street utazame leso. Chapa ya Mali ya Abdulla ya Kaderdina Hajee Essak ni ya hapa hapa Mombasa, na ndiyo inayosifiwa kwa kuanza kutia maneno ya Kiswahili kwenye leso mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwanamke hanunui pamba tu. Ananunua neno analotaka limfikie jirani, wifi au mume, bila yeye kufungua kinywa. Muuza leso hana haja ya kupiga kelele, maneno yaliyo juu ya kitambaa yanamfanyia kazi. Huko ni kubembeleza, tena kwa ustadi ambao Chicago hawakuufikia.

Nianze na anayekaba, kwa sababu dawa yake ni kalamu na karatasi.

Shaaban ya mwaka jana niliona kanzu ya mtoto wa miaka minane katika duka moja mjini, shilingi 1,200. Kumi la mwisho nikapita tena. Kanzu ile ile, kola ile ile, sasa imebandikwa karatasi nyekundu: 2,500 imekatwa kwa mstari, na chini yake 1,500. Mama mmoja alikuwa ameishika huku uso umemkunjuka kwa kuwa ameokoa shilingi elfu. Kwa hesabu ya Shaaban alikuwa anazidishiwa mia tatu. Namba iliyokatwa ndiyo inayofanya kazi yote hapo. Jicho likishaiona 2,500, kila kilicho chini yake kinaonekana rahisi, hata kama hiyo 2,500 haijawahi kulipwa na mtu yeyote.

Mbinu ya pili ni ya "zimebaki chache". Mwaka 1975 mtafiti Stephen Worchel na wenzake waliwapa watu biskuti waonje. Wengine walitolewa biskuti kutoka kwenye chupa yenye kumi, wengine kutoka kwenye chupa yenye mbili tu. Biskuti zilikuwa za aina moja. Waliopewa kutoka chupa ya mbili walizikadiria kuwa za kutamanika zaidi na za bei ya juu zaidi. Utamu wenyewe hawakusema umezidi. Basi ukisoma mtandaoni kuwa abaya zimebaki mbili, kumbuka hizo biskuti. Stoo inaweza kuwa na robota zima.

Mbinu ya tatu ni saa, na hapa wauzaji wa Idi wamebarikiwa kuliko wenzao wote. Muuza sofa wa mwezi wa Agosti inabidi abuni mwisho wa ofa. Sisi mwisho wetu umepangwa angani. Mwezi ukiandama usiku, asubuhi ni sala, na mtoto asiye na viatu hana viatu. Ndiyo maana bei ya usiku wa mwezi ishirini na tisa haina uhusiano wowote na ya wiki tatu nyuma, na kila mwenye duka anajua kuwa hutarudi nyumbani mikono mitupu.

Kuna na mbinu ya umati. Dini yetu ina jina lake, najash: mtu anapandisha bei ya kitu ambacho hana nia ya kukinunua, ili mwingine adanganyike. Zamani alisimama mnadani. Siku hizi hukaa chini ya picha za bidhaa mtandaoni akiandika kuwa yake imefika salama, nzuri mashallah, na kumbe ni binamu wa mwenye duka. Sijui kama masheikh wetu wanalizungumza hili kwenye darsa za Ramadhani, lakini nadhani lingepata wasikilizaji.

Ukabaji huu una kalenda nyingine pia. Ile Ijumaa ya mwishoni mwa Novemba ambayo Wamarekani huiita Black Friday ilitufikia kupitia maduka ya mtandaoni. Waarabu walipoletewa, walikwazwa na kuiita Ijumaa nyeusi, siku yenyewe ni ya sala. Mwaka 2014 kampuni ya Souq.com ya Dubai ikaiita White Friday, na jina likaenea Ghuba nzima. Rangi ilibadilika, saa ya kuhesabu dakika ikabaki pale pale.

Kisheria, kupiga kelele si kosa. Kudanganya ndiko kosa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari za kumwezesha kufaidika na anachonunua, na kinaliagiza Bunge litunge sheria ya matangazo ya haki, ya kweli na ya heshima. Ipo Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ya 2012, na ipo Sheria ya Ushindani ya 2010 inayokataza kupotosha watu kuhusu bei. Kwa hivyo ile 2,500 ya uongo ina pa kushtakiwa.

Na nimtetee kidogo yule kijana wa Marikiti anayepiga makofi akiimba bei ya vitunguu, na yule mama wa mitumba wa Kongowea anayekuita shemeji ili usimame. Hao wanakaba, ndiyo, lakini wamesimama mbele yako. Unawaona, wanakuona, bei unaipunguza mpaka mcheke. Ukiondoka wanakutania, na habari imekwisha.

Sasa tumtazame mpole.

Chukua Vimto. Ilitengenezwa Manchester, Uingereza, mwaka 1908 na John Noel Nichols, ikiuzwa kama kinywaji cha kuongeza nguvu mwilini. Mwishoni mwa miaka ya 1920 familia ya wafanyabiashara ya Aujan ikaanza kuipeleka Ghuba. Leo katika nchi hizo chupa yake haikosekani mezani wakati wa kufuturu, na sehemu kubwa ya mauzo yake ya mwaka huko hufanyika kipindi cha Ramadhani. Nasi tulio na ndugu Jeddah, Dubai na Muscat tuliifahamu kwenye masanduku yao, na mwezi ukikaribia utaziona chupa zake kwenye rafu za Mombasa. Hakuna aya wala hadithi inayoitaja. Hakuna aliyekabwa. Watu walionyeshwa meza ya futari yenye chupa ile mwaka huu, mwaka ujao, na mwaka wa kumi, mpaka meza isiyo nayo ikaonekana ina pengo.

Ukidhani ni sisi Waislamu tu, tazama Japani. Wakristo huko ni kama mmoja kwa kila watu mia. Mwaka 1974 KFC ilianza kampeni ya nchi nzima ya kuku wa Krismasi. Leo kuna Wajapani wengi ambao Krismasi kwao ni kuku wa kukaanga wa kuagizwa wiki kadhaa mapema. Na yule mzee wa Krismasi mnene mwenye mashavu mekundu, Coca-Cola hawakumbuni wala hawakumvisha nyekundu wao wa kwanza, lakini kuanzia 1931 hadi 1964 walimtumia msanii Haddon Sundblom kumchora na kumchora tena. Shida yao ilikuwa rahisi: watu waliona soda ni kinywaji cha joto, na Desemba kwao ni baridi. Hawakusema nunua soda wakati wa baridi. Walimchora mzee mwenye furaha, akiwa na chupa mkononi.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Anayekaba anataka pesa yako ya leo. Anayebembeleza anataka kuwa sehemu ya sikukuu yenyewe, na akishaingia humo hana haja ya kukuomba pesa tena. Wewe mwenyewe utamtafuta, tena utaona aibu ukimkosa.

Kampuni za simu za Ghuba zimelielewa hili kuliko wote. Ramadhani ya 2017, kampuni ya Zain ya Kuwait ilitoa tangazo lenye wimbo wa Hussain Al Jassmi, likimwonyesha mtu aliyejifunga bomu akikabiliwa na waathirika wa ugaidi. Lilitazamwa na mamilioni ya watu. Halikutaja bei ya dakika hata moja. Wako waliolia, na wako waliokasirika, hasa kwa sababu lilimtumia mtoto aliyefananishwa na Omran, yule mtoto wa Aleppo aliyepigwa picha akiwa amejaa vumbi na damu ndani ya gari la wagonjwa. Machozi ya watu wa Aleppo yalikuwa yanasaidia jina la kampuni ya simu. Mimi naona waliokasirika walikuwa na hoja.

Kwetu hatujafika huko, lakini angalia mabango yetu. Fanusi za Misri, matuta ya jangwa, msafara wa ngamia chini ya mwezi mwandamo. Jameni, matuta tunayo, Shela na Mambrui, lakini ngamia wa Mombasa wako ufuoni wakibeba watalii. Ramadhani ya mji huu ni ngoma ya kuamsha watu daku, ni kaimati na viazi karai vya mlangoni kwa mama fulani, ni sahani ya mbaazi inayovuka barabara kwenda kwa jirani na kurudi na tambi. Hakuna nembo inayoweza kubandikwa kwenye sahani hiyo, kwa hivyo bangoni haimo. Kilichomo ni sebule yenye makochi mapya, pazia jipya, watoto wanne waliovaa sare, sinia la vyakula kumi na viwili. Ukiliona mara mia kwa mwezi linageuka kipimo. Ndipo baba wa Kisauni mwenye mapazia safi ya miaka mitatu anapoanza kuhisi nyumba yake haijawa tayari kwa Idi.

Na bango hilo huwezi kulishtaki popote. Halijadanganya. Halijadai lolote, si bei, si ubora, si tarehe. Sheria zote nilizotaja hushika madai, na mpole hana dai. Kalamu na karatasi niliyoisifu hapo juu haina la kufanya hapa, kwa kuwa hakuna namba ya kukagua.

Kisha wapole na wakabaji hawagombani kama vitabu vya wakati wetu vilivyokuwa vikieleza. Wanapokezana. Mpole anakuja Shaaban na wiki za mwanzo, anatandika picha ya Idi inavyopasa kuwa. Mkabaji anakuja kumi la mwisho, akukute umeshaamini, akuuzie vipande vya ile picha kwa bei ya haraka. Na kati yao siku hizi amejipenyeza wa tatu, mkopo wa simu, ambaye anazungumza kwa sauti ya mpole na kudai kwa sauti ya mkabaji. Tuseme mtoto anataka simu ya Idi. Tangazo linasema weka 2,000, kisha shilingi 50 kwa siku, chini ya bei ya chai na mahamri. Hamsini mara siku 365 ni 18,250. Ongeza ile ya mwanzo, umefika 20,250. Uliza simu hiyo hiyo kwa pesa taslimu dukani ni ngapi, ndipo uamue. Huenda bado ukaona inakufaa, si haramu kutaka simu, lakini tangazo limekupa namba ya 50 kwa sababu namba ya 20,250 ingekufanya uketi kitako ufikiri.

Sisemi kila ubembelezaji ni mbaya. Petronas ya Malaysia ilitumia miaka mingi kutoa filamu fupi za sikukuu zilizotengenezwa na Yasmin Ahmad, aliyefariki 2009, juu ya wazazi, majirani na watu wa makabila mbalimbali, na Wamalaysia wengi wanazikumbuka kwa mapenzi ingawa ni kampuni ya mafuta iliyozilipia. Leso ya Idi nayo iko kwenye kundi hilo. Tofauti ninayoiona ni hii: leso inakupa neno lako uliseme, ilhali bango la makochi linakwambia kitu gani kimepungua nyumbani kwako.

Kwa mpole, nimeona kitu kimoja tu kikisaidia, nacho ni kuuliza kwa sauti mbele ya watoto: hawa wanauza nini? Tangazo likipita kwenye televisheni, babu amekumbatiana na mjukuu, wote machozi yanawalenga, uliza. Watoto wa miaka tisa, kumi, hupenda sana mchezo huu. Mara nyingi watakosea mwanzo, watasema wanauza tende, mpaka waione nembo. Baada ya wiki moja watakushinda wewe.

Kwa mkabaji, fanya kazi yake wiki hii, kabla mwezi haujaandama. Chukua karatasi uandike bei za leo za vitu utakavyonunua kwa yakini: mchele, sukari, mafuta, kanzu ya mtoto, dera, viatu. Andika na jina la duka na tarehe. Ukiweza, piga picha kibandiko cha bei. Kumi la mwisho nenda na karatasi yako. Ukikuta bei ya zamani iliyokatwa ni bei ambayo haikuwako, piga picha ya pili, dai risiti hata kama utaambiwa kitabu kimekwisha, na upeleke vyote kama malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.